Kosa Alilolivundika Bwana Afya

Kule Busunzu, wilayani Kibondo, palikuwa na bwana afya ambaye kwa miaka yote niliyomjua alikuwa anajiandaa kuishitaki serikali. Hakuwa anaishitaki, alikuwa anajiandaa. Akiulizwa kesi yake imefikia wapi, anakohoa kidogo, anaweka sawa ukosi wa shati, kisha anasema, "Niko mbioni." Mimi niliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi sikuwahi kumwona akikimbia, wala akitembea haraka, wala akianza safari kabla jua halijapanda vizuri.

Jina lake silitaji, na si kwa heshima. Watu wa namna yake wamejaa maofisini, na nikimtaja yeye peke yake wenzake watadhani wamesalimika. Tutamwita bwana afya kama kata nzima ilivyomwita. Mimi niliitwa bibi afya, maana kazi yetu ilikuwa moja: kukagua vyoo, chemchemi, mabucha na vilabu vya pombe, na kuwasumbua watu wanawe mikono. Yeye aliajiriwa kabla yangu. Hilo nalisema mapema na kwa sauti, kwa sababu maisha yake yote yalisimama juu ya hilo, na kwa sababu ni kweli.

Alikuwa nadhifu kupita kiasi. Suruali yake ilinyooshwa kwa pasi ya mkaa kila asubuhi, hata msimu wa matope. Akifika zahanati, ambako tulikuwa tumepewa chumba kidogo cha nyuma, anapangusa kiti, anakaa, anapangusa meza, anavua saa na kuiweka mbele yake, kisha anaitazama kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Kazi yetu ilikuwa nje, vijijini. Lakini yeye aliamini kwamba mtumishi wa serikali hufuatwa, hafuati, na imani hiyo aliitumia kila mahali ilipokuwa inamuumiza.

Chukua habari ya pikipiki. Serikali ilimpa pikipiki nzuri, akaiendesha mpaka siku ilipokatika kebo ya klachi. Fundi wa pale sokoni angeiwekea nyingine kabla chai haijapoa. Bwana afya akaisukuma hadi chini ya paa la zahanati, akaifunika turubai. Nikamwambia aandike barua wilayani kuomba kebo.

"Hii pikipiki ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya serikali."

"Basi mwenye mali ndiye anayeuliza mali yake ina hali gani."

Hakuuliza mtu. Kuku wakaanza kutaga chini ya turubai. Yeye akawa anakwenda kwa miguu hadi mwisho wa kata, vumbi likimpanda mpaka magotini, na kila aliyekutana naye njiani alielezwa jinsi serikali ilivyomtelekeza. Watu walimpa pole. Wengine walimkaribisha, wakampa maharage na ugali wa muhogo, na wakati wa kuaga wakamfungia na ndizi. Taratibu nikaelewa kwamba ile kebo ilikuwa na faida zaidi kwake ikiwa imekatika.

Msidhani ni mtu aliyezembea kila jambo. Kwa ucheleweshaji wa wengine alikuwa mkali kama upupu. Kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeagizwa achimbe choo kipya, na mvua za masika zikamwahi, shimo likawa linabomoka kila anapochimba. Tulipofika kukagua alikuwa amesimama ndani ya hilo shimo, udongo hadi kwenye nywele.

"Bwana afya, nivumilie kidogo," alisema. "Mvua yenyewe hii unaiona."

"Muda niliokupa umekwisha. Serikali haingoji mtu, mama."

Akamwandikia faini palepale, akiwa ameegemeza karatasi kwenye paja la suruali yenye mstari. Mimi nilijua, na yule mama alijua, na kijiji kizima kilijua kwamba choo cha nyumbani kwa bwana afya kilikuwa hakina paa tangu upepo ulipoling'oa, na kwamba mke wake alikuwa anakwenda kwa jirani. Nilimuuliza juu ya hilo tukiwa njiani kurudi. Alijibu kwamba anangoja kiangazi. Viangazi kadhaa vilikuja vikapita, na mke wake akaendelea kuwapigia majirani hodi usiku na mchana.

Huyo mke ndiye aliyekuwa mpishi wa pombe ya ndizi, na pombe yake ilisifiwa mpaka ng'ambo ya kata. Kwetu Buha ndizi za pombe huvundikwa. Unachimba shimo, unalipasha moto kwa majani makavu, unapanga ndizi mbichi ndani, unazifunika kwa majani ya mgomba na udongo juu, halafu unaziacha ziive. Ukifukua mapema unapata utomvu tu. Mume wake hakuwahi kushika jembe la kuchimba shimo hilo, lakini ndimo alimotoa falsafa yake yote. Alikuwa anasema: "Kosa la serikali ni kama ndizi za pombe. Ukilifukua bichi utanawa utomvu. Liache liive ndipo ulikamue."

Sasa nieleze kosa lenyewe. Kila mwaka pale wilayani ilikuwa inatolewa tange, yaani orodha ya watumishi inayoonyesha nani alitangulia nani kazini. Vyeo vinapotolewa, wakubwa huangalia tange. Ilikuwa inabandikwa ukutani, na kila mmoja alitakiwa aende akajiangalie na kusaini kwamba yuko mahali pake. Mwaka mmoja nilipanda gari kwenda Kibondo, nikasimama pale ukutani na wenzangu, nikapitisha kidole, nikajikuta niko juu ya bwana afya. Mchapaji alikuwa amekosea mwaka wake wa kuajiriwa, akaonekana amekuja nyuma yangu. Nilimwambia karani, akanijibu bila hata kuinua kichwa: mwenye jina aje mwenyewe na barua yake ya ajira, atarekebishiwa hapohapo.

Niliporudi Busunzu sikupitia hata nyumbani. Nilimkuta mlangoni pa zahanati, nikamweleza yote.

"Wamekushusha," nikamwambia. "Ni kosa la mashine. Kesho nenda na barua yako, wanarekebisha."

Akacheka kwa pua. "Mimi nikasimame ukutani na watoto wanaotafuta ajira, nijitafute kwa kidole?"

"Sisi wote tumesimama."

"Ndiyo maana hamheshimiki. Serikali inanijua, bibi afya. Barua yangu wanayo. Kama wamekosea, waache wakosee. Tena wakosee vizuri."

"Na vyeo vikitoka kwa orodha hiyo?"

"Vitoke. Jinai haiozi."

Neno hilo, jinai haiozi, alikuwa amelipata mahakamani Kibondo. Aliwahi kuitwa shahidi katika kesi ya mwenye bucha aliyeuza nyama ya mzoga, na mwendesha mashitaka akasema mbele ya watu kwamba jinai haiozi, hata ikipita miaka mtu atashitakiwa tu. Bwana afya akaondoka na maneno hayo mawili kama mtu aliyeokota almasi. Hakuuliza jinai ni nini. Hakuuliza kama kukosewa mwaka wa ajira ni jinai. Kwake yeye ikawa kila aliyedhulumiwa amepewa milele ya kudai, na mwenye milele hana haja ya kupanda gari kesho.

Mwaka uliofuata nilipandishwa, nikawa mkuu wa kitengo chetu pale wilayani. Nilikuwa na hofu ya kuonana naye. Alinifuata mwenyewe, amevaa koti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hongera," akasema. "Kikalie vizuri hicho kiti changu. Usikichafue."

Na alikuwa na furaha. Sisemi alijikaza, alikuwa na furaha ya kweli, macho yanang'aa. Nimeona watu wengi wakifurahia kupanda cheo. Huyu ndiye peke yake niliyemwona akifurahia kupitwa. Nilirudi nyumbani nimeudhika bila kujua nimeudhiwa na nini, na sasa najua: alikuwa amepata alichokitaka.

Kuanzia hapo hakuwa tena bwana afya tu, akawa mdhulumiwa. Jumamosi mchana, kilabuni, alikuwa anaketi kwenye kigoda chake karibu na mtungi na kuanza: "Mnajua mimi ninayemwamkia yule mama ndiye niliyepaswa kuamkiwa?" Waliokuwa wanaijua hadithi walimsaidia pale alipojidai kusahau. Mrija mrefu ulikuwa unapelekwa kwake kwanza. Wageni walimnunulia. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anamtolea mfano kwenye mikutano, kwamba hata wasomi wanaonewa. Kila mtu Busunzu alikuwa na shida yake, lakini yeye alikuwa na kesi, na kesi ilimpa kimo ambacho cheo kisingempa.

Mtu pekee aliyekuwa anamkatiza alikuwa mama mmoja Mkongomani, aliyekuwa anatoka kambini Nyarugusu na kibali chake kuja kuuza vitenge siku za soko. Alimsikiliza siku moja, vitenge begani, mpaka mwisho, halafu akasema taratibu:

"Papa, weye unalala na hiyo dosie yako sawa bibi. Njo itakuzalia nini?"

Watu, waliojua kwamba dosie kwao ni faili, walicheka mpaka wakamwaga pombe. Bwana afya hakucheka. Alimwambia kwamba wakimbizi hawajui sheria za nchi za watu. Mama yule akajibu kwamba hilo ni kweli kabisa, ila kule kwao mtu akiibiwa mbuzi anapiga kelele wakati mbuzi bado anaonekana.

Sitaki kumnyima chake. Kazi aliijua. Mwaka mmoja watu wa kitongoji kimoja waliugua matumbo mfululizo, na wataalamu wakaja na magari, wakapima visima vyote, wakaondoka. Bwana afya alikwenda siku ya pili peke yake kwa miguu, akafuata kijito mpaka kinakoanzia, akakuta mtu amehamishia zizi lake la ng'ombe juu ya chemchemi baada ya mavuno. Alilihamisha zizi siku hiyohiyo, watu wakapona. Kwa hiyo akili ilikuwapo. Ukimwambia watu wengine wanakufa, miguu ilifanya kazi. Ni kwa jambo lake mwenyewe tu alikuwa mzito, na mimi mtu wa namna hiyo sijui kumhurumia. Mjinga anahurumiwa. Huyu alikuwa na akili, alikuwa na haki, alikuwa na barua ya ajira ndani ya sanduku, na alikuwa na gari linalopita mbele ya mlango wake kila asubuhi.

Naam, alikuwa na haki. Watu huniuliza mbona namdharau mtu ambaye kweli alipaswa kuwa juu yangu. Namdharau kwa sababu hiyo. Asingekuwa na haki angekuwa mlalamishi tu kama wengine, na walalamishi nimewazoea. Yeye aliiacha haki yake ilale nje, inyeshewe, halafu akawa anawaonyesha watu jinsi ilivyolowa.

Mke wake ndiye aliyeelewa zaidi kuliko sisi. Nilifika kwao siku moja kukagua mitungi, nikamkuta anafukua shimo la ndizi. Mumewe alikuwa ameketi kivulini na gazeti, akaanza kunieleza tena habari ya kosa linaloiva. Mama akasimama, akaegemea jembe.

"Mutama," akamwita, maana kwa Kiha ndivyo mke anavyomwita mume aliyekwisha kuwa mzee. "Ndizi nazivundika kwa siku zake. Mimi nikisahau shimo langu, nafukua uvundo. Nani atakunywa?"

"Pombe si sheria, mama," akajibu, na gazeti likafunguliwa ukurasa wa pili.

"Ego, ndiyo," akasema mama. "Pombe wanainywa."

Mtajiuliza basi kilichomwinua ni nini, kwa sababu hatimaye aliinuka. Watu wengine watawaambia ni uchungu, au ni umri, au alipata mwanasheria mzuri. Mimi nawaambia aliishiwa wasikilizaji. Wale wazee waliomjua walianza kufa mmoja mmoja, wengine wakahamia kwa watoto wao Kasulu na Kigoma. Kilabuni wakaingia vijana wa bodaboda, na vijana hawa hawakunijua mimi wala kumjua yeye. Alipowasimulia kwa mara ya kwanza, mmoja alimsikiliza huku anachezea simu, kisha akamuuliza:

"Sasa mzee, ulipopitwa ulikata rufaa?"

"Niko mbioni."

"Mpaka leo? Mzee wangu, hiyo ishabuma."

Wakarudi kwenye habari zao za mpira. Nasikia Jumatatu yake bwana afya alipanda gari kwenda Kigoma kutafuta mwanasheria. Miaka yote ile serikali haikuweza kumtikisa, akaja kutikiswa na kijana wa bodaboda.

Ndipo likanigusa mimi. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Barua ikaja ofisini kwamba bwana afya anaiomba mahakama kupandishwa kwangu kubatilishwe tangu siku ya kwanza, na yeye ahesabiwe kuwa ndiye aliyekuwa mkuu miaka yote hiyo. Maana yake, kama angeshinda, mimi ningestaafu kwa cheo nilichokuwa nacho nilipokuwa msichana wa Busunzu, na pensheni yangu ingehesabiwa hivyo. Mimi niliyekesha kwenye kambi za kipindupindu. Mimi niliyefundisha vijana waliokwisha kuwa wakuu wa vitengo wilaya nyingine. Yote hayo yangekuwa yamefanywa na mtu ambaye siku hizo alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mtungi. Sikulala vizuri kwa muda mrefu. Wanangu waliniambia nisiwe na wasiwasi, lakini wanangu hawajui faili la serikali linavyoweza kugeuka.

Kabla ya kesi yenyewe kusikilizwa ilibidi kwanza aombe kuongezewa muda, kwa kuwa muda wa kudai ulikuwa umepita zamani. Na katika maombi hayo sheria inamtaka mtu aeleze kila siku aliyochelewa. Mwanasheria wake alipomweleza hilo nasikia alimuuliza, "Na Jumapili?"

Siku ya kwenda Kigoma niliamkia stendi ya Kasulu, kwa kuwa nilikuwa nimelala kwa dada yangu Kabanga. Basi lilikuwa limetokea Kibondo. Nikapanda, nikamkuta bwana afya ndani, koti lilelile, kiti cha nyuma ya kile kilichobaki wazi.

"Mwakeye, bibi afya," akanisalimu kwa Kiha.

Nikaitikia, maana nimelelewa. Kabla hatujafika mbali akanigusa bega akanipa muhindi wa kuchemsha, bado wa moto, umefungwa kwenye ganda lake.

"Kula. Kule watatuweka mpaka jioni."

Alikuwa anakwenda kuninyang'anya maisha yangu, na alikuwa ameniletea muhindi. Hakuwa ananichukia hata kidogo, na hilo ndilo lililonipandisha hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Adui anayekuchukia unajua unasimama wapi naye. Huyu aliona mimi nimemtunzia kiti tu, na sasa amekuja kukichukua, na mtu hana ugomvi na msumari alikotundika kofia yake. Muhindi nilimpa mtoto wa abiria wa pembeni.

Mahakamani jaji alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Akamuuliza bwana afya kwa nini hakulalamika mwaka ule tange ilipotoka.

"Nilikuwa nangoja wajirekebishe, mheshimiwa."

"Uliwaambia kwamba wamekosea?"

"Mtu mzima haambiwi kosa lake, mheshimiwa. Huachwa alione."

Jaji akaandika. Nilimwona mwanasheria wa bwana afya akifunga macho.

"Na miaka yote iliyofuata?"

"Mheshimiwa, jinai haiozi."

"Ni kweli," jaji akasema kwa upole uleule. "Jinai haiozi. Lakini wewe hujaja hapa na jinai. Umekuja na madai ya utumishi, nayo yana muda wake. Hukuwahi kuambiwa?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona bwana afya anatafuta kitu cha kushika na mikono haikioni. Mwanasheria wake akainuka haraka, akasema mteja wake anaishi mbali, barabara ni mbovu, hakuwahi kujulishwa kwamba ameshushwa kwenye orodha, na kwamba alikuja kulijua jambo hilo kwa kuchelewa mno. Lilikuwa jibu zuri. Wakili wa serikali aligeuka kunitazama. Kama bwana afya hakujua, mlango ulikuwa umefunguka kidogo.

Nikaitwa, nikaapishwa. Wakili wa serikali akaniuliza kama najua lini mwenzangu alipata habari.

"Nilimwambia mimi mwenyewe," nikajibu, "siku niliyotoka kuiona, mlangoni pa zahanati ya Busunzu. Na nikamwambia karani amesema atarekebishiwa."

Mwanasheria wake akaruka kwamba hayo ni maneno matupu ya mtu mwenye maslahi, kwamba hakuna maandishi, na kwamba mteja wake anakana. Jaji akamgeukia bwana afya.

"Unakana?"

Nilimtazama. Chumba kizima kilimtazama. Angesema ndiyo, na nani angethibitisha? Tulikuwa wawili tu pale mlangoni. Neno moja tu lilikuwa linatenganisha cheo changu na yeye.

"Sikani, mheshimiwa," akasema. "Aliniambia. Aliniambia hata kabla hajatua mzigo."

Wengine waliokuwapo wananiambia hapo ndipo walipomheshimu. Mimi nilimshukuru Mungu, na dharau yangu ikabaki palepale. Mwanasheria alikuwa amemtengenezea uongo, umenyooka, uko tayari mezani, na hata huo alishindwa kuuwahi. Ukweli wenyewe angeusema mwaka ule kwa karani, ungemfanya mkuu wa kitengo. Akausema siku ile kwa jaji, ukammaliza.

Maombi yakatupwa. Jaji alisema mtu akilala juu ya haki yake, sheria haiwezi kwenda kumwamsha, na kwamba wapo wengine waliokwisha kujenga maisha yao juu ya ukimya wake. Nilistaafu na cheo changu. Yeye alistaafu baada yangu na chake, kilekile. Kurudi Kasulu hatukupanda basi moja. Baadaye nilisikia kwamba kilabuni ameanza hadithi mpya, ya jinsi mahakama ilivyomuonea, na kwamba ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na kwamba ataikatia rufaa.

Nilimwona tena mwaka juzi. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Kasulu, watu wakajaa kwenye ukumbi uliokodishwa, tukaketi kwenye mabenchi kwa namba. Nikakuta namba iliyo mbele ya yangu iko mkononi mwake. Alikuwa amekonda, mkongojo katikati ya magoti, na jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na weupe wa mtoto wa jicho. Suruali bado ina mstari. Tukasalimiana. Aliniambia mke wake alimlazimisha kuja, na kwamba akichelewa siku hii, madaktari wanaondoka Kasulu na haijulikani watarudi lini.

Zamu yake ikafika. Kabla hajainuka, kijana mmoja mfanyabiashara, simu sikioni, akapita mbele yetu akaingia moja kwa moja. Bwana afya hakusema neno kwa kijana yule. Aligeuka kwetu sisi tulioketi.

"Mmeona?" akasema. "Mmeona wote. Mtakuwa mashahidi."

Sikuweza kuvumilia. Nikainuka mimi, nikaenda mlangoni, nikamwambia muuguzi kwamba ilikuwa zamu ya mzee huyu. Binti yule alikuwa na adabu. Akamfuata pale alipoketi, akapiga goti kidogo.

"Nisamehe, babu, sikumwona anapita. Huyu akitoka, unaingia wewe."

Kijana akatoka. Muuguzi akashika mlango wazi. "Karibu, babu."

Bwana afya hakusogea.

"Babu, ni wewe. Ingia."

"Kwanza mwandike kwamba nilipitwa."

"Babu, watu ni wengi na daktari anaondoka leo. Ingia tu utibiwe."

"Sasa nikiingia," akasema, na hakuwa na mzaha, alikuwa anauliza kabisa, "itajulikanaje kwamba nilipitwa?"

Muuguzi akanitazama mimi. Nikamshika bwana afya mkono, nikamwambia ainuke, jicho lake linakwisha. Akautoa mkono wake taratibu, akauweka juu ya mkongojo. Muuguzi akasubiri kidogo, kisha akatazama karatasi yake na kusoma namba iliyofuata.

Ilikuwa yangu. Nikaingia.